Mafunzo ya Kuzuia Ukatili wa Kingono Jeshini: Yanapofanikiwa na Yanapokwama

Magharibi ya Jiji la Arusha, katika Wilaya ya Monduli, ndipo kilipo Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Tanzania, ambako vijana hupikwa kuwa maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ndani ya jiji lenyewe, chini ya Mlima Meru, lipo jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), ambamo kwa miaka mingi ilifanya kazi Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR). Sehemu hizi mbili zinaunganishwa na swali moja linalowahusu raia na askari kwa pamoja: mtu mwenye silaha, cheo na mamlaka anafundishwaje asimdhalilishe kingono yule anayepaswa kumlinda, na mafunzo hayo yanaleta matokeo gani?

Swali hili si la nadharia kwa Tanzania. Nchi imepeleka walinda amani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Darfur nchini Sudan na Lebanon. Askari wake wamepoteza maisha wakitekeleza jukumu hilo, wakiwemo walioshambuliwa usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 katika kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Heshima iliyogharimiwa kwa damu namna hiyo inaweza kutiwa doa na vitendo vya askari wachache, na wanaoumia kwanza ni wanawake na watoto wanaoishi jirani na kambi.

Makala hii inaeleza mafunzo hayo ni nini, uzoefu wa nchi na taasisi mbalimbali umeonesha nini kuhusu ufanisi wake, na sheria za Tanzania zinampa mwananchi ulinzi gani.

Mafunzo yenyewe

Katika shughuli za Umoja wa Mataifa, mafunzo ya kuzuia unyonyaji na unyanyasaji wa kingono hutolewa kwa hatua. Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani kabla ya kikosi kuondoka, na ni wajibu wa nchi inayotoa askari. Ya pili hufanyika askari wanapowasili katika eneo la operesheni, na baadaye hufuata mafunzo ya kukumbushana. Nchi inayotoa askari hutakiwa pia kuthibitisha kwamba askari wake wamepewa mafunzo hayo na kwamba hawana rekodi ya makosa ya aina hiyo katika operesheni zilizopita.

Msingi wa mafunzo ni taarifa rasmi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2003. Taarifa hiyo inakataza tendo lolote la ngono na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, bila kujali sheria ya nchi husika inasemaje kuhusu umri wa ridhaa. Kudhani kwamba mtoto ni mtu mzima si utetezi. Inakataza kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma ili kupata ngono. Aidha, inamtaka kila mtumishi anayeshuku kwamba mwenzake anatenda kosa hilo kutoa taarifa.

Mwaka 2005 ilitolewa ripoti maalumu iliyoandaliwa na Mwanamfalme Zeid Ra'ad Al Hussein wa Jordan, na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaanza kuunda timu za maadili na nidhamu katika operesheni zake. Mwaka 2007 Baraza Kuu lilirekebisha mkataba wa mfano kati ya Umoja wa Mataifa na nchi zinazotoa askari, ili masharti hayo yawahusu wazi askari wa vikosi vya mataifa. Hata hivyo, mamlaka ya kumshtaki na kumwadhibu askari yalibaki kwa nchi yake. Jambo hili ni muhimu kulielewa: Umoja wa Mataifa unaweza kumrudisha askari nyumbani, lakini hauwezi kumfunga.

Funzo lililotoka Arusha

Tarehe 2 Septemba 1998, majaji wa ICTR wakiwa Arusha walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa tarafa ya Taba nchini Rwanda. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, endapo umefanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Mashtaka ya ubakaji hayakuwemo katika hati ya awali. Yaliongezwa Juni 1997, baada ya mashahidi wanawake kueleza mahakamani mambo ambayo wapelelezi hawakuwa wameyauliza. Mwendesha Mashtaka Mkuu wakati huo alikuwa Louise Arbour, jaji kutoka Kanada.

Akayesu hakushtakiwa kwa kubaka yeye mwenyewe. Mahakama ilijiridhisha kwamba kwa maneno yake, na kwa kuwepo kwake bila kuzuia, aliwatia moyo waliokuwa wakitenda. Kwa lugha nyepesi, wenye silaha humtazama kiongozi wao na kusoma katika kauli na ukimya wake kile kinachoruhusiwa.

Kesi nyingine ya mahakama hiyohiyo inaongeza funzo la pili. Tarehe 24 Juni 2011, Pauline Nyiramasuhuko alitiwa hatiani kwa makosa yaliyojumuisha ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini ya mamlaka yake. Mwanamke huyo alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Kama kujua haki za wanawake kungetosha kumzuia mtu kutenda uovu, aliyekuwa na dhamana ya haki hizo serikalini asingefikishwa kizimbani. Hukumu ya rufaa katika kesi yake, iliyotolewa Desemba 2015, ilikuwa ya mwisho kabla ya mahakama hiyo kufungwa rasmi mwishoni mwa mwezi huo.

Mafunzo mengi ya kijeshi yamejengwa juu ya dhana kwamba askari hutenda kosa kwa kutojua, hivyo akielezwa kanuni ataacha. Kumbukumbu za Arusha zinaonesha kwamba kutojua ni sehemu ndogo tu ya tatizo.

Uzoefu wa Kongo

Watafiti wa Sweden, Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, waliwahoji askari na maofisa wa jeshi la Kongo ili kufahamu wao wenyewe wanaelezaje ubakaji unaofanywa na wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba askari wengi walijua fika kuwa kubaka ni kosa. Katika maelezo yao walitaja mishahara isiyofika, njaa, hasira, kutengwa na familia, na makamanda wasiojali. Maelezo hayo hayamwondolei mtu hatia. Yanachoonesha ni kwamba semina ya siku moja haiwezi kushindana na mazingira ya kambi ambamo nidhamu imevunjika.

Mfano wa Minova, kusini mwa Goma, unaeleza hali hiyo. Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Goma walifanya vitendo vingi vya ubakaji katika mji huo. Kesi ya kijeshi iliyofuata ilihusisha washtakiwa 39, na hukumu ya Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wachache mno, jambo lililowavunja moyo manusura waliojitokeza kutoa ushahidi.

Kwa upande mwingine, Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika siku ya Mwaka Mpya. Hukumu hiyo ilitolewa takribani wiki saba tu baada ya tukio, jirani na wanakijiji walioumizwa, na dhidi ya kamanda mwenyewe. Askari aliyeishuhudia alipata somo ambalo darasani angelisikia kwa maneno tu.

Walinda amani wa Tanzania

Aprili 2016, Umoja wa Mataifa ulitangaza tuhuma dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa katika kijiji cha Mavivi, karibu na Beni, wakiwa sehemu ya Brigedi ya Uingiliaji Kati. Tuhuma hizo zilihusu unyonyaji wa kingono, wakiwemo wasichana walio chini ya umri wa miaka 18, pamoja na madai ya ubaba. Mwezi uliotangulia, tarehe 11 Machi 2016, Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha Azimio namba 2272, linalounga mkono kurejeshwa nyumbani kwa kikosi kizima pale panapokuwa na ushahidi wa kuaminika kwamba unyanyasaji umeenea ndani yake.

Utaratibu huo ulitumika Juni 2023. Umoja wa Mataifa ulitangaza uamuzi wa kukirejesha nyumbani kikosi cha askari 60 wa Tanzania kilichokuwa katika kambi ya muda magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kuonesha kuwepo kwa ushahidi kwamba askari 11 walihusika katika unyonyaji na unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu wanne. Kikosi hicho kilihamishiwa kambi nyingine uchunguzi ukiendelea.

Tuhuma si hatia, na idadi ya waliotajwa ni ndogo ikilinganishwa na maelfu ya Watanzania waliotumikia ulinzi wa amani kwa uadilifu. Pamoja na hayo, matukio hayo mawili yanaonesha kwamba cheti cha kuhudhuria mafunzo hakiwezi kuchukuliwa kuwa uthibitisho wa mwenendo. Askari hao walitumwa chini ya utaratibu uleule unaotaka kila mlinda amani awe amefundishwa kabla ya kuondoka.

Tatizo hili haliko kwa taifa moja. Tathmini ya ofisi ya ukaguzi wa ndani ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2015 ilihesabu tuhuma 480 za unyonyaji na unyanyasaji wa kingono katika operesheni za ulinzi wa amani kati ya mwaka 2008 na 2013. Takribani theluthi moja ya tuhuma hizo iliwahusu watoto. Tathmini hiyo ilibaini pia kwamba uchunguzi ulichukua muda mrefu mno, kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja.

Marekani na Kanada

Majeshi yenye bajeti kubwa nayo yamekutana na ugumu huu, safari hii ndani ya safu zao wenyewe. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliunda ofisi maalumu ya kuzuia na kushughulikia ukatili wa kingono mwaka 2005, na mafunzo ya kila mwaka yakawa ya lazima. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba asilimia 8.4 ya wanawake na asilimia 1.5 ya wanaume walio katika utumishi kamili walifanyiwa vitendo vya kingono bila ridhaa katika mwaka mmoja, sawa na takribani watu 35,900. Mtu mmoja tu kati ya watano alitoa taarifa.

Baada ya hapo Marekani iliongeza hatua zilizokuwa nje ya darasa. Waliajiriwa wataalamu wa kinga katika kambi, na uamuzi wa kumshtaki mtuhumiwa wa makosa hayo uliondolewa mikononi mwa kamanda wake na kupewa waendesha mashtaka maalumu wa kujitegemea, walioanza kazi Desemba 2023. Utafiti wa mwaka 2023 ulikadiria asilimia 6.8 kwa wanawake na asilimia 1.3 kwa wanaume, takribani watu 29,000, na waliotoa taarifa wakafikia robo. Si rahisi kusema ni hatua ipi hasa iliyoleta unafuu huo. Kilicho wazi ni kwamba zaidi ya miaka 15 ya mafunzo ya lazima haikulimaliza tatizo.

Nchini Kanada, jaji mstaafu Marie Deschamps alitoa ripoti mwaka 2015 iliyobaini kwamba jeshi lilikuwa na utamaduni wa dharau za kingono, na kwamba mafunzo yaliyokuwa yakitolewa hayakuchukuliwa kwa uzito na wengi. Mwaka huohuo jeshi lilianzisha kampeni kubwa iliyoitwa Operation HONOUR, ambayo ilifungwa mwaka 2021 baada ya tuhuma kuwagusa baadhi ya viongozi wa juu wa jeshi. Serikali ikamteua Louise Arbour, yuleyule aliyekuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa mahakama ya Arusha, kufanya mapitio mapya. Ripoti yake ya Mei 2022 ilitoa mapendekezo 48, mojawapo likiwa kwamba makosa ya kingono yaliyo chini ya sheria ya jinai yashughulikiwe na polisi na mahakama za kiraia pekee.

Kupima ufanisi

Makosa hufanyika mara nyingi katika kupima ufanisi wa mafunzo. Kipimo rahisi ni idadi ya waliohudhuria. Kinachofuata ni mtihani wa maarifa, ambao huonesha kile askari anachokijua wiki hiyo. Kipimo kigumu, na ndicho chenye maana, ni mwenendo: je, vitendo vyenyewe vimepungua?

Hata idadi ya malalamiko inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Malalamiko yakiongezeka mara baada ya mafunzo, huenda maana yake ni kwamba waathirika wameanza kuamini mfumo. Yakiwa sifuri, huenda kambi ni salama, na huenda pia watu wanaogopa kusema. Ndiyo maana majeshi yanayopima kwa makini hufanya tafiti za siri zinazouliza watu moja kwa moja, kisha hulinganisha majibu na taarifa zilizofikishwa rasmi.

Zipo programu zilizoonesha matokeo mazuri nje ya jeshi. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, shule 26 za sekondari zilishiriki utafiti wa miaka mitano wa programu inayowafundisha vijana kuingilia kati wanapoona dalili za mwenzao kutaka kutenda ukatili. Vitendo vya ukatili wa kingono vilipungua katika shule zilizopata programu hiyo, lakini upungufu ulionekana zaidi mwaka wa tatu na wa nne. Jijini Kampala, programu ya SASA! iliyoanzishwa na shirika la Raising Voices ilifanya kazi na jamii nzima kwa miaka kadhaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulibaini kwamba ukatili wa kimwili wa wenza dhidi ya wanawake ulikuwa pungufu kwa takribani nusu katika jamii zilizoshiriki.

Programu hizo mbili hazifanani kwa mengi, lakini zote zilidumu kwa miaka, zilihusisha kundi zima badala ya mtu mmoja mmoja, na zilimfundisha mshiriki kuwa mtu anayeweza kuzuia, badala ya kumchukulia kama mtuhumiwa mtarajiwa. Kwa kikosi cha jeshi, ambacho huishi, hula na kulala pamoja, mkazo wa kundi una nafasi kubwa. Askari anayejua kwamba wenzake hawatamficha husita.

Muundo wa kikosi una mchango wake pia. Utafiti wa Sabrina Karim na Kyle Beardsley uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba operesheni zenye uwiano mkubwa zaidi wa wanawake, na zenye askari kutoka nchi zilizopiga hatua katika usawa wa kijinsia, zilihusishwa na tuhuma chache zaidi. Kwa mantiki hiyo, kazi ya kuandaa mlinda amani mwadilifu huanza mapema, katika familia na shule anakotoka.

Sheria za Tanzania

Ndani ya nchi, ulinzi wa mwananchi umeainishwa kisheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilirekebisha Kanuni ya Adhabu na kuweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la ubakaji, na kifungo cha maisha pale mwathirika anapokuwa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja mahususi mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kutenda kosa hilo. Cheo, kwa maana hiyo, hakimkingi mtu.

Vilevile, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaharamisha rushwa ya ngono, yaani kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki yoyote. Kifungu hiki kina uzito katika taasisi yoyote yenye ngazi za amri, ambamo kupandishwa cheo, kupangiwa kazi au kupewa likizo hutegemea mkubwa. Askari wa JWTZ wako pia chini ya kanuni za nidhamu zilizowekwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192.

Mwananchi aliyefanyiwa ukatili, au anayejua tukio la aina hiyo, anaweza kufika katika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Taarifa zinazohusu watoto hupokelewa pia kupitia namba ya simu 116, na taarifa za rushwa ya ngono hupokelewa na TAKUKURU kupitia namba 113. Ni muhimu mwathirika kuwahi kituo cha afya mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na ushahidi uhifadhiwe kabla haujapotea.

Mambo ya kuzingatia

Uzoefu uliotajwa hapo juu unatoa picha inayolingana. Mafunzo ya kuzuia ukatili wa kingono jeshini yana kazi yake: humwondolea askari kisingizio cha kutojua, humpa mwenzake lugha ya kukemea, na humwekea kamanda wajibu ulio wazi. Hukwama yanapotolewa mara moja kwa mihadhara, yanapomalizika kwa kusaini karatasi ya mahudhurio, na yanapotenganishwa na uchunguzi wa haraka na adhabu inayoonekana.

Hufanikiwa zaidi pale kamanda mwenyewe anapoyasimamia na kuwajibishwa kwa mwenendo wa kikosi chake. Pale mwathirika anapokuwa na mahali salama pa kusemea, nje ya mnyororo wa amri wa anayemtuhumu. Na pale matokeo ya uchunguzi yanapowafikia wale waliolalamika. Mama wa kijiji kilicho jirani na kambi, iwe Mavivi au kwingineko, hana njia ya kuona askari alifundishwa nini kabla ya kuondoka nyumbani. Anachokiona ni kama lalamiko lake lilisikilizwa, na kama aliyemkosea bado anapita mlangoni kwake akiwa na silaha begani.